Makato ya pensheni: kwa nini tusipewe tukajiwekee wenyewe?

Chaki Nyeupe
Wakuu, salaam. Mimi ni mwalimu wa msingi huku Njombe, hamsini nimeshaivuka. Kila nikifungua salari slipu jicho linakimbilia mstari wa PSSSF, mfuko wa pensheni wa sisi watumishi wa umma: wamekata 5%. Mwajiri anaweka 15%. Nikistaafu napewa 40% kwa mkupuo, iliyobaki nadondoshewa kila mwezi kama mtoto wa hela ya andazi. Na hiyo 40 yenyewe imekuja na bajeti ya 2024 baada ya kelele. Kikotoo, yaani kanuni ya kupiga hesabu ya mafao, cha Julai 2022 kilisema 33.

Jirani yangu hajawahi kuajiriwa. Ana ekari mbili za parachichi aina ya Hass, wanunuzi wanamfuata shambani. Kikotoo anakisikia redioni tu. Nauliza bila ushabiki: kwa nini mfumo huu usivunjwe, kila mtu akaweka hela yake anakotaka, iwe UTT (mifuko ya uwekezaji wa pamoja), hati fungani (kuikopesha serikali kwa riba) au shamba? Na tafadhali, msianze na "walimu mnalialia".

Mzee wa Hesabu
Mwalimu, chukua wastani wa mshahara wa 1,200,000 na utumishi wa miezi 360. Kikotoo cha zamani cha 1/540 (kila mwezi wa utumishi unakupa 1/540 ya mshahara wa mwaka), nusu mkupuo na nusu ya kila mwezi: mkupuo milioni 74.4, pensheni 400,000 kwa mwezi. Cha sasa cha 1/580: mkupuo kama milioni 44.7, pensheni kama 447,000. Ili hiyo nyongeza ya 47,000 ifidie mkupuo uliopungua, uishi zaidi ya miaka 50 baada ya kustaafu. Mmepigwa, sibishi.

Ila dawa unayoitaka ni mbaya kuliko ugonjwa. Kwa mshahara huo, yako ni 60,000 tu. Ile 180,000 ni ya mwajiri. Mfumo ukivunjwa, nani kakuahidi kwamba utaikuta kwenye slipu? Chile walijaribu 1981, enzi za Pinochet. Mfanyakazi akakatwa 10% ipelekwe kampuni binafsi, mwajiri akaacha kuchangia. Wanajeshi hawakuguswa, walibaki na pensheni yao ya zamani! Mwaka 2008 serikali ikaanza kuwalipa wazee maskini kwa fedha za kodi, na 2025 wakapitisha sheria ya kumrudisha mwajiri achangie.

Nesi Mstaafu
Wanangu, mimi nilistaafu 2019, kwa kikotoo kile cha zamani. Wenzangu niliotoka nao, mmoja alinunua Noah akampa mdogo wake aendeshe, mwingine alijenga nyumba za kupanga zikaishia kwenye linta. Leo wote wawili wanakula pensheni ya mwezi, hakuna kingine. Uhakiki siku hizi ni kwa simu: mjukuu ananishikia, mimi natazama kamera, "bibi geuka kidogo", imeisha. Siipendi, lakini mwezi hauishi bila hela kuingia, na sukari yangu inataka dawa kila siku.

Chaki Nyeupe
Shikamoo mama, pole na sukari. Mzee wa Hesabu, hiyo ya miaka 50 naipeleka ofisi ya walimu kesho. Hapo kwenye 180,000 umenibana, kuvunja mfumo sitaki tena.

Lakini imani bado sina. Serikali ilikaa na deni la michango ya watumishi wa kabla ya 1999 zaidi ya miaka ishirini, kisha ikatoa hati fungani ya trilioni 2.17, isiyo taslimu. Mimi nikichelewesha rejesho la benki mwezi mmoja napigiwa simu. Basi mfuko ubaki, mwajiri aendelee na 15% yake, ila kiasi cha mkupuo nichague mwenyewe. Anayetaka 25 achukue 25, anayetaka 50 apewe 50. Pensheni ya mwezi ikipungua, ni uamuzi wangu.

Mzee wa Hesabu
Hapo tupo pamoja. Andikeni kupitia CWT, chama chenu cha walimu, na mweke hesabu zote mbili. Na huyo jirani wa parachichi mwambie NSSF, ule mfuko mwingine wa hifadhi ya jamii, wanapokea waliojiajiri. Bei ya Hass ikianguka atakukumbuka.

Chaki Nyeupe
Nilishamwambia. Kanijibu, "Nije kupanga foleni na nyie?"