Chupa za jamu na achari kuhifadhia tumbaku ya kiko: harufu inatoka wapi?

Moshi_Taratibu

Wakuu habari zenu. Nimeanza kuvuta kiko mwaka jana na sasa nimefikia ile hatua ya kuwa na tumbaku nyingi kuliko ninavyovuta, kopo nikishalifungua linakauka kabla sijafika nusu, majani yanavunjikavunjika kama majani ya chai na ukiwasha yanawaka haraka mpaka kiko kinachoma mkono. Nikaona hapa nyumbani tunatupa chupa za glasi kila mara, za jamu, za kahawa, za achari, nikasema si nitumie hizi hizi tu. Nikachukua mbili, nikaziosha kwa sabuni na maji ya moto zikang'aa kabisa, tumbaku ya aina ya Virginia kama gramu 50 nikaiweka kwenye ile ya achari, halafu mchanganyiko wenye Latakia, ile tumbaku yenye harufu ya moshi, nikauweka kwenye ya jamu.

Wiki tatu baadae nafungua Virginia yangu, badala ya ile harufu ya nyasi kavu ninayoipenda napigwa na siki na kitunguu saumu puani. Nimejaza kiko kimoja nimeshindwa kukimaliza, na kweli imeniuma kwa sababu nilikuwa naitunza ile tumbaku. Sasa naomba kujua, glasi ndio inashika harufu au ni mimi sikuosha vizuri? Na hiyo tumbaku inaokoleka?

Mzee_wa_Kiko

Pole sana mkuu. Glasi usiilaumu, glasi hainyonyi harufu ya kitu chochote, ukiiosha imeisha. Chukua kile kifuniko ukigeuze, uangalie ndani pembeni kabisa pale kinapokutana na mdomo wa chupa, utaona duara laini kama mpira, mara nyingi jeupe au la rangi ya maziwa. Hilo ndilo linalozuia hewa na hilo hilo ndilo limekaa miezi linakunywa siki, mafuta na kitunguu saumu, sabuni inapita juu tu haiingii ndani. Ukifunga tumbaku humo linaanza kutoa taratibu kile lilichokunywa, na tumbaku nayo ni jani linalovuta harufu ya jirani yake upesi mno.

Kuthibitisha, iache chupa wazi siku moja bila kifuniko, nusa. Halafu kifuniko peke yake kiweke kwenye mfuko uliofungwa sehemu yenye joto, kesho yake fungua unuse. Utaniambia.

Kuhusu kuiokoa: siki kidogo isikutishe, Virginia yenyewe kwa asili ina kauchachu fulani hivi, hasa ikishakaa kwenye kitu kilichofungwa, watu wengi wanaifungua wanadhani imeharibika kumbe ndio tabia yake. Kitunguu saumu ndio sio chake. Itandaze kwenye karatasi safi saa moja au mbili, ukiona inaanza kukauka irudishe kwenye chupa nyingine, rudia kesho. Uchachu utapungua, saumu sikuahidi.

Pamba_na_Glasi

Mzee kasema yote kuhusu kifuniko, mimi naongezea namna ya kukisafisha maana nimehangaika nacho sana. Kifuniko cha jamu au asali kinasafishika: loweka kwenye maji ya moto yenye ile soda ya kuokea, vijiko viwili hivi, kikae usiku mzima, suuza, halafu kianike juani siku tatu nne kikiwa kimegeuzwa juu chini. Cha kahawa kinataka muda zaidi ila nacho kinakubali. Cha achari, cha zeituni, cha sosi yenye kitunguu saumu, hivyo mimi nimeacha kabisa kuvihangaikia, natupa kifuniko nabaki na chupa. Na hapa ndio watu wengi wanakosea wanatupa vyote viwili, wakati hizi chupa za viwandani midomo yake inafuata saizi chache zinazojirudia, milimita 63, 70, 82, kwa hiyo pima mdomo kwa rula halafu tafuta kifuniko cha jamu cha saizi hiyo hiyo, hakikisha tu kinakaza mpaka mwisho na hakichezi.

Kabla sijaweka tumbaku naweka pamba kavu donge moja ndani ya chupa, nafunga, naiacha siku tatu. Nikifungua siinusi chupa, naitoa pamba ndio nainusa. Pamba ikinuka kitu chochote kile, chupa haijawa tayari. Njia hii haijawahi kuniangusha.

Kingine, hakikisha imekauka kabisa. Tone moja la maji chini ya uzi wa kifuniko linatosha kuleta ukungu, na ukungu ukiingia unatupa tumbaku yote, usichambue ukasema hii bado nzuri.

Moshi_Taratibu

Asanteni sana aisee, kifuniko sikukifikiria kabisa, nilikuwa nasugua glasi tu. Swali la nyongeza, kile kitufe cha katikati ya kifuniko ambacho kinalia tik ukikibonyeza, kimeshanyanyuka. Ina maana kifuniko hakizibi tena?

Mizani_ya_Jikoni

Hapana, hicho kitufe kinaonyesha tu kwamba ule uvutano wa hewa wa kiwandani umeshaondoka, hakisemi kama kifuniko kinaziba au hakizibi. Tumbaku haihitaji hewa inyonywe, inahitaji hewa isiingie na kutoka. Hata hewa kidogo iliyobaki juu ya tumbaku inasaidia ikiwa unataka ikae muda mrefu ikomae, kwa hiyo usiishindilie.

Kupima jaza maji nusu, funga, ipindue juu ya kitambaa kikavu ilale hivyo mpaka asubuhi. Ila mimi naamini zaidi mizani. Naweka tumbaku, nafunga, napima chupa nzima, naandika uzito kwenye kipande cha selotepu chini ya chupa pamoja na tarehe. Baada ya miezi miwili napima tena. Nina chupa ya kahawa yenye kifuniko cha plastiki iliyosoma gramu 391 siku ya kwanza na 387 baadae, yani gramu nne za unyevu zimepotea bila mimi kuigusa, wakati ya jamu iliyokaa pembeni yake haikushuka hata gramu moja. Toka siku hiyo vifuniko vya plastiki vitupu visivyo na mpira ndani situmii, na chupa za plastiki zenyewe ndio kabisa, zile zinashika mafuta ya chakula kwenye kuta zake.

Chupa ya mililita 250 inaingia hizo gramu 50 zako vizuri tu na nafasi inabaki.

Virginia_Tupu

Mimi natofautiana kidogo na wenzangu. Chupa za jamu nazitumia kwa tumbaku ninayovuta ndani ya miezi michache, hapo hazina shida. Lakini Virginia ninayotaka ikae miaka mitano, kumi, siiweki humo, kwa sababu kile kifuniko kimetengenezwa kifunguliwe na kufungwa siku chache mpaka jamu iishe, mpira wake unachoka, na ukingo unaanza kutu. Kwa hizo nanunua chupa mpya za aina ya Mason, zile zenye kifuniko cha vipande viwili, kisahani na pete. Jamaa aliyezianzisha, John Landis Mason wa Marekani, alipata hataza yake mwaka 1858 na kazi yake ilikuwa hiyo hiyo, kuhifadhi kitu muda mrefu, na kisahani kikichoka unabadilisha kisahani peke yake. Tumbaku ya miaka kumi inastahili hayo matumizi, huwezi kuirudisha ikiharibika.

Na mtoa mada, hiyo chupa yenye Latakia usije ukaweka kitu kingine humo. Latakia inakaushwa kwa moshi wa kuni na ule moshi unaingia kwenye mpira kama kitunguu saumu kilivyoingia. Pia zote ziweke kabatini gizani, glasi angavu inapitisha mwanga na mwanga unapausha majani na kuua ladha. Na usiweke kipande cha tofaa au kiazi eti kuongeza unyevu, huo ni mwaliko wa ukungu.

Mama_Wawili

Naomba niseme hili kwa msisitizo maana hakuna aliyeligusa. Mtoto anaijua chupa ya jamu kuwa ni ya jamu. Nikotini ikimezwa ni sumu na kwa mtoto mdogo hata kiasi kidogo ni hatari. Toeni lebo ya zamani yote, gundi inayobaki ipakeni mafuta ya kupikia iachwe nusu saa itatoka, andikeni TUMBAKU kwa herufi kubwa na muiweke juu kabisa, sio jikoni kwenye vyakula.

Moshi_Taratibu

Dada asante, nimezihamisha leo hii hii, zilikuwa kweli kwenye kabati la jikoni.

Mrejesho baada ya siku sita: chupa ya achari bila kifuniko hainuki kitu, pamba imetoka safi. Kifuniko chake nimekiloweka mara mbili na kukianika siku tano na bado ukikiweka karibu na pua saumu ipo, kimeenda. Mdomo ni milimita 63, kifuniko cha jamu kimekaza vizuri na maji hayajavuja usiku mzima. Virginia nimeitandaza mara tatu, uchachu umepungua sana, saumu inasikika mwanzo wa kiko halafu inapotea katikati, kwa hiyo nitaivuta hivyo hivyo mpaka iishe. Ile nyingine nimeandika juu ya kifuniko kwa kalamu isiyofutika, LATAKIA TU.