Spishi ni nini hasa: kuzaliana, umbile au nasaba?

Mdadisi
Wanajamvi, naomba tulinganishe fasili tatu za spishi. Ya kwanza, aliyoitoa mwanabiolojia Ernst Mayr mwaka 1942, husema kuwa spishi ni viumbe wanaozaliana wao kwa wao katika mazingira ya asili na waliotengana kiuzazi na makundi mengine. Ya pili hutazama umbile, na ya tatu hufuata nasaba. Ipi ina nguvu zaidi?

Msomaji wa Viumbe
Mimi nasimama na Mayr, kwa kuwa anaeleza kinachoyatenganisha makundi. Farasi ana kromosomu (nyuzi zinazobeba vinasaba ndani ya seli) 64 na punda 62; nyumbu wanayemzaa huwa na 63, ambazo hushindwa kujipanga jozi kwa jozi mbegu za uzazi zinapotengenezwa, na ndiyo maana karibu nyumbu wote ni tasa. Umbile, kwa upande wake, hupotosha. Wapo popo wadogo wa Ulaya waliohesabiwa kuwa spishi moja kwa miaka mingi, hadi watafiti walipobaini kuwa baadhi yao hupiga sauti ya takriban kilohezi 45 (mitetemo elfu 45 kwa sekunde) na wengine 55, kisha vinasaba vikathibitisha kuwa ni spishi mbili.

Mchimba Visukuku
Ndugu Msomaji, hoja yako ya popo naikubali, lakini mifupa iliyogeuka jiwe haiwezi kupimwa kwa kuzaliana, hivyo kwetu umbile ndilo tegemeo. Bakteria nao hugawanyika bila kujamiiana, tena hupokezana vinasaba hata na jamaa wa mbali sana, hivyo kipimo cha kuzaliana hakiwafai.

Nasaba
Naiona fasili ya tatu kuwa ndiyo msingi: spishi ni ukoo unaoendelea kwa njia yake, na utasa, umbile au mlio ni ushahidi tu kwamba koo zimeachana. Tembo wa savana na tembo wa msituni huzaliana katika baadhi ya maeneo wanakokutana, lakini vinasaba vyao vimetofautiana mno, na mwaka 2021 shirika la kimataifa la uhifadhi wa maumbile, IUCN, liliwatathmini kama spishi mbili.

Msomaji wa Viumbe
Hapo nina shaka moja, Ndugu Nasaba. Vipimo vya vinasaba vya leo huona tofauti ndogo mno, kiasi kwamba kila kundi lililotengwa na mto au mlima laweza kuitwa spishi.

Nasaba
Ni kweli, na ndiyo maana tofauti moja ya kinasaba haitoshi. Nadai ushahidi wa aina mbili au zaidi unaoelekeza upande mmoja, kama ilivyokuwa kwa popo wako.