Mashindano ya uvuvi Mtera: mnaua samaki wakubwa halafu mnatuambia "tumewaachia"

Wakuu, nimevumilia nimeshindwa. Huu mtindo wa kuvua kwa fimbo na kumrudisha samaki majini, uliowaingia vijana wa Dodoma mjini, naupenda na nimeutetea sana humu. Lakini kinachofanyika bwawani Mtera siku hizi ni kuua na kutupa.

Jumamosi iliyopita alitolewa kambale mkubwa, ukimsimamisha anamfika mtu mzima kiunoni. Saa nane mchana, jua la Novemba linawaka. Akaburutwa kwenye changarawe. Kulabu ya mizani ikapitishwa chini ya shavu, akaning'inizwa wima, uzito wote umeegemea taya, damu inachuruzika hadi kwenye mkono wa shati la aliyemshika. Ikaanza foleni ya picha: mshindi, rafiki wa mshindi, mdhamini, watoto wa mdhamini. Mwisho akarushwa kutoka juu ya jiwe, watu wakapiga makofi. Alizama, akaibuka kiubavu hatua chache tu kutoka ukingoni, akawa anazunguka palepale. Jioni nasoma kwenye kundi: "Ameachiwa salama."

Salama gani?

Najua mtasema kambale ni mgumu, anapumua hewa. Kweli, ana kiungo cha kupumulia hewa, na usiku wa mvua anaweza kutambaa kutoka dimbwi moja hadi jingine. Hewa hiyo itamsaidia nini mwenye taya iliyoteguka? Kambale hana magamba. Ule ute mnaoufuta kwa taulo na mikono mikavu ndio kinga yake dhidi ya vidonda na ukungu. Na perege hata hiyo hewa hana uwezo nayo. Halafu jike lake hubeba mayai na vifaranga mdomoni. Ukimbana tu anavitema. Nimeviona kwa macho yangu chini ya ndoo ya mshiriki mmoja, vidogo kama punje za mtama, vinachezacheza kwenye maji ya moto. Hakuna aliyejali.

Mnatuwekea kila siku video za samoni wa Scotland. Huko zaidi ya asilimia 90 ya samoni wa mwitu wanaovuliwa kwa fimbo hurudishwa mtoni, na wakubwa ndio wanaotunzwa zaidi. Hivi mnaziangalia mpaka mwisho? Samaki anabaki majini, ndani ya wavu laini. Ndoana imebanwa mwiba wake kwa plaizi ili itoke bila kurarua. Anashikwa mkiani na chini ya kifua, kichwa kikielekea mkondo unakotoka, mpaka aondoke mwenyewe. Joto la maji likikaribia nyuzi 20, wengi wanakunja fimbo, kwa sababu maji ya moto yana oksijeni kidogo na samaki aliyechoka kwa kupigana hapati nguvu tena. Ninyi ndio kwanza mnapuliza filimbi ya kuanza saa sita mchana!

Huyo mkubwa mnayemchezea ndiye mzazi wa bwawa. Jike kubwa la kambale hubeba mayai makumi ya maelfu, na mvua zikianza huingia kwenye majani yaliyofurika kutaga. Ukimuua Novemba hajataga. Kule Alaska, mto Kenai, mwaka 1985 mtu alivua kwa fimbo samoni aina ya chinook wa kilo 44, rekodi ambayo haijavunjwa. Leo chinook wamepungua mtoni humo kiasi kwamba misimu ya karibuni uvuvi wao umefungwa.

Kinachoniuma kuliko vyote ni wenyeji. Mvuvi wa Migoli, hapo kando ya bwawa, akikutwa na kokoro, wavu wa kuburuta uliopigwa marufuku, anakamatwa na nyavu zinachomwa moto, sawa, ni sheria. Kisha anasimama kutazama watu wa mjini wakitupa kitoweo kikaoze. Mzee mmoja pale mwaloni, wanaposhushia samaki, aliniambia, "Mwanangu, kama hamumli, tupeni sisi tumle. Kumtupa afe ni laana." Nimeshindwa cha kumjibu, maana ana haki. Kambale yule angelisha nyumba nzima.

Kwa hiyo nasema wazi. Mizani ya kuning'iniza iondoke. Pimeni urefu majini kwa kamba yenye alama. Picha moja, mikono imelowa, samaki yumo majini. Anzeni alfajiri, ikifika saa nne fungeni. Aliyemeza ndoana msimvute utumbo, kateni mshipi karibu na mdomo. Na samaki asiyeweza kuogelea mwenyewe asihesabiwe kuwa ameachiwa: wapewe wenyeji, na mshiriki aliyemvua akose pointi. Hili la mwisho najua litawaudhi wengi, na ndilo nisilorudi nyuma.

Waandaaji mmo humu, mnasoma. Shindano la mwezi ujao ni kwa mizani ileile au mmebadilisha? Jibuni hapahapa mbele ya watu, msinifuate pembeni.