Corolla 110 inamisi na kuchemsha: nifungue hedi, ninunue injini ya mtumba, au niliuze gari?

Mwalimu_Uyole
Habari zenu wanajukwaa. Nina Toyota Corolla 110 ambayo kwa wiki tatu sasa inamisi (injini inakosa moto na kutetemeka) na kuchemsha. Fundi wa kwanza anasema gasketi ya hedi (kizibo kati ya hedi, yaani sehemu ya juu ya injini, na bloku, mwili wake) imekufa, hivyo hedi ifunguliwe na kusawazishwa mashineni kwa shilingi 420,000 pamoja na vifaa. Fundi wa pili ananishauri ninunue injini ya mtumba kwa 1,400,000 ili nisihangaike tena. Mke wangu anaona ni afadhali tuliuze gari kama lilivyo. Natakiwa kuamua kabla shule hazijafunguliwa.

Fundi_Mafinga
Mwalimu, umetupa bei lakini dalili hukutupa. Inamisi asubuhi ikiwa ya baridi, au baada ya kupata moto? Inachemsha kwenye foleni ya Mwanjelwa, au ikipanda mlima? Maji yanapungua bila kuonekana yanakodondokea? Themostati (vali inayozuia maji mpaka injini ipate moto) ipo? Gari linalochemsha likiwa limesimama na kutulia likitembea, huwa naanza na feni; linalochemsha mlimani tu, nashuku rejeta (kipoza maji) iliyoziba au gasketi. Bila majibu hayo, mafundi wako wote wawili wanabahatisha kwa fedha yako.

NyandaZaJuu
Mimi nasimama na fundi wa pili. Hedi ya injini hizi ni ya aluminiamu na bloku ni ya chuma, na aluminiamu ikishachemshwa hupinda. Utaisawazisha leo, na baada ya miezi sita utarudi gereji. Injini iliyotoka Japani ikiwa nzima ndiyo suluhisho.

Dada_Iringa
Kaka NyandaZaJuu, neno lako "ikiwa nzima" ndilo lililoniumiza mimi. Gari langu lilianza kuchemsha nikiwa natoka Morogoro, nikaambiwa injini imekwisha, nikanunua nyingine ya mtumba bila kuisikia ikiunguruma, maana nilioneshwa ikiwa chini sakafuni, imeoshwa inang'aa. Ikafungwa. Kwa wiki mbili nilikuwa na furaha, kwa kuwa nilikuwa nikizunguka Iringa mjini tu. Siku niliyorudi kutoka Ruaha Mbuyuni na kuanza kupanda Kitonga, mshale wa joto ukapanda kabla sijafika katikati ya mlima, injini ikaanza kutetemeka, nami sikuwa na mahali salama pa kuegesha kwa sababu ya malori. Nilipopata nafasi ya kusimama, gasketi ilikuwa imekwisha kuungua. Fundi mwingine alipoifungua rejeta alikuta nusu ya mirija yake imejaa kutu na tope. Rejeta ile ndiyo iliyoiua injini ya kwanza, na hakuna aliyeigusa wakati wa kufunga ya pili. Nililipia injini mbili kwa kosa la rejeta moja. Mwalimu, nakusihi, chanzo kijulikane kwanza.

Mwalimu_Uyole
Pole sana dada, na samahanini kwa kutoeleza. Injini ni 5A. Inamisi asubuhi kwa dakika moja hivi, ikitoa moshi mweupe, kisha inatulia. Inachemsha nikipanda kutoka Kiwira kuelekea Isongole. Maji yanapungua kama nusu lita kwa wiki na sijaona yanakovujia. Themostati iliondolewa na mwenye gari wa awali. Chini ya kifuniko cha oili kuna utando kama chai ya maziwa.

Mzee_Makete
Utando huo huashiria maji kuingia kwenye oili, lakini peke yake usikutishe, kijana wangu. Katika baridi yetu ya Juni na Julai, gari la safari fupi hutoa jasho ndani ya kifuniko. Tazama kijiti cha kupimia oili. Kama oili yenyewe ni safi, usihukumu bado. Ila themostati irudishwe. Bila themostati, injini katika baridi hii haifikii joto lake, kompyuta inaendelea kumwaga petroli nyingi, plagi zinajaa masizi, nayo inamisi.

NyandaZaJuu
Shikamoo mzee. Kwa heshima, gari linalochemsha ukilirudishia themostati si unaliongezea tatizo?

Mzee_Makete
Marahaba. Themostati nzima hufunguka kwenye nyuzi 82 hivi, nayo ikishafunguka maji yanapita. Kinachosahaulika ni kifuniko cha rejeta. Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Kifuniko chenye mpira uliochoka hakishiki presha, na maji huchemka mapema. Kibadilishe kabla ya yote. Ni kitu cha bei ndogo.

Fundi_Mafinga
Kifuniko kibadilishwe, nakubali, lakini hakielezi moshi mweupe wa asubuhi. Mwalimu, fungua plagi zote uzipange kwa namba, kisha silinda zipimwe kompresheni (nguvu ya kubana hewa). Linganisha silinda kwa silinda, usifuate namba ya kitabuni, kwa kuwa hewa ya huku ni nyepesi na vipimo vyote hushuka. Halafu washa injini ikiwa ya baridi, kifuniko cha rejeta kikiwa wazi, utazame kama mapovu yanatoka mfululizo, yaani gesi ya silinda inaingia kwenye maji.

Mwalimu_Uyole
Nimefanya leo asubuhi. Silinda ya 1, 2 na 4 ziko kati ya paundi 150 na 155. Ya 3 ni 105, na plagi yake imeoshwa nyeupe wakati nyingine ni nyeusi. Mapovu yapo, na hayakatiki. Oili ya kwenye kijiti ni safi.

Fundi_Mafinga
Hapo gasketi inavuja kwenye silinda ya 3, au hedi ina ufa. Fungua hedi. Ikishasawazishwa, ipimwe kwa rula ya chuma na vipande vya kupimia nafasi. Kwa injini hiyo mpindo usizidi milimita 0.05.

NyandaZaJuu
Na ikiwa ina ufa, utakuwa umelipa kuifungua bure. Bado nasema injini.

Dada_Iringa
Lolote utakalochagua, rejeta ifunguliwe na mirija isafishwe siku hiyohiyo.

Mwalimu_Uyole
Rejeta nimeiandika kwenye orodha, pamoja na kifuniko na themostati. Mke wangu bado anataka tuuze, na mnunuzi mmoja anakuja Jumamosi. Je, kuna anayeifahamu gereji ya kusawazisha hedi hapa Mbeya ambayo humruhusu mteja asimame karibu na kushuhudia kipimo?