Mjadala: Kompyuta zibaki maabara au ziingie darasani?

Mwalimu wa Bombo

Ndugu zangu, naomba tulijadili hili bila kuogopana. Kila muhula fedha zinaombwa kwa jina la kompyuta, na sijasikia kikao hata kimoja kikiuliza hizo kompyuta zinamfundisha nani.

Hoja yangu ni hii. Sekondari za serikali hapa Uganda ziache kuongeza kompyuta kwenye maabara. Fedha yoyote mpya ya teknolojia inunue laptopu moja, projekta moja na spika moja kwa kila idara, vikae mikononi mwa walimu wa masomo: baolojia, jiografia, hesabu, Kiswahili. Maabara iliyopo ibaki kwa watahiniwa wa kompyuta, basi.

Kupitia mfuko wa mawasiliano vijijini wa UCC, yaani Tume ya Mawasiliano Uganda, maabara zilifika shule zaidi ya 1,000. Sibezi, ni kazi kubwa. Lakini tembelea moja uone. Mlangoni viatu vimevuliwa na kupangwa mstari. Ndani vioo vya kompyuta vimefunikwa vitambaa kama makochi ya sebule ya wageni. Ufunguo anao mwalimu mmoja. Wanaoingia ni wa S5 na S6, yaani kidato cha tano na cha sita, waliochagua Sub-ICT, somo dogo la kompyuta, badala ya Sub-Maths, lile la hesabu, pamoja na wachache wa madarasa ya chini. Humo wanasoma kompyuta, yaani namna ya kupanga barua kwenye Word na kujumlisha safu kwenye Excel. Hakuna anayesoma jambo lingine kwa kuitumia kompyuta. Mtoto wa S2 ambaye mzunguko wa damu umemkataa kabisa anapita dirishani kila siku, na ndani kuna mashine inayoweza kumwonyesha moyo ukisukuma.

Mtaala mpya ulioanza S1 mwaka 2020 umezidisha tatizo. NCDC, kituo cha taifa cha mitaala, inataka mtoto achunguze, atafute, afanye mradi, na tathmini endelevu inabeba asilimia 20 ya matokeo ya UCE, mtihani wa taifa wa S4. Watahiniwa wa kwanza wa mtaala huo walikaa mtihani mwaka 2024. Sasa mtoto anatumwa akatafute habari, wakati simu ni marufuku shuleni na maabara imefungwa. Matokeo yake kazi inafanywa na shangazi mwenye simu, au na yule kijana wa duka la fotokopi pale stendi, ambaye nadhani ameshafaulu miradi mingi kuliko darasa langu zima.

Nitaje na ya kwangu. Kiswahili sasa ni lazima S1 na S2, na mimi nina darasa la watoto zaidi ya mia. Wengi nyumbani wanasema Kiganda, ambapo l na r hubadilishana kufuatana na irabu iliyotangulia. Wanasoma "habali za asubuhi" na wanakwenda "kupiga kula". Nikisimama mbele nikirudia, watoto wa nyuma hawasikii tofauti. Basi nilikuja na laptopu yangu na spika ndogo. Nilicheza sauti ya mtu wa Mombasa akisema maneno mawili mawili, darasa likanyoosha mikono kuonyesha wamesikia lipi. Kisha nikamrekodi mmoja wao, tukaziweka sauti mbili pamoja. Alijisikia mwenyewe, akacheka, akarudia bila kuambiwa. Hapakuwa na intaneti wala maabara, na kipindi kilikuwa kilekile cha dakika 40.

Anayepinga aseme.

Mwalimu wa ICT, Mbale

Napinga, na mwenye ufunguo ni mimi.

Kwanza, mtihani wa ICT wa UNEB, baraza la mitihani, una sehemu ya vitendo. Mtoto anakaa mbele ya mashine, anafanya, kazi inahifadhiwa. Maabara ikidorora, shule inapoteza somo. Pili, mnadhani zile ni kompyuta nyingi. Shule nyingi zina kompyuta moja mama inayolisha vioo kadhaa. Ikifa mama, safu nzima imekufa, na fedha ya kununua nyingine hamna, kwa sababu mradi uliileta mashine, haukuleta bajeti ya matengenezo. Tatu, mara ya mwisho nilipowafungulia walimu wenzangu, kila mmoja alikuja na flashi yake. Virusi vilivyoingia siku hiyo vilinikalisha likizo nzima nikisafisha. Kwa hiyo nafunga, na nitaendelea kufunga.

Halafu hilo la kuvua viatu tusilicheke. Vumbi jekundu ndilo linaloua feni.

Mzazi, Busia

Mimi naona mnagombania kofia na kichwa hakipo. Mwalimu mwenyewe yuko darasani? Mwaka 2022 wa sayansi waliongezwa mshahara, mwenye digrii akafika shilingi milioni 4 kwa mwezi, wa sanaa, yaani masomo yasiyo ya sayansi, wakabaki walipo na wakagoma. Leo mnataka kumpa projekta mtu mwenye kinyongo.

Sisi wa mpakani tumeona mambo ya jirani. Kenya waliahidiwa laptopu za darasa la kwanza katika kampeni za 2013. Miaka ikapita, zikaja tableti kuanzia 2016, na nyingi zikaishia kabatini. Na hapa kwetu shule zilifungwa, zote au sehemu, Machi 2020 hadi Januari 2022, tukaahidiwa redio ili watoto wasome nyumbani. Kwangu haikufika. Mwaka 2021 ikaletwa kodi ya asilimia 12 kwenye bando za intaneti, miezi ileile watoto wako nyumbani. Serikali inayotoza kodi bando wakati shule zimefungwa, mimi siisikilizi ikizungumzia teknolojia ya elimu.

Nunueni vitabu.

Mwalimu wa Hesabu, Arua

Mwalimu wa Bombo, ya spika nimeipenda, lakini projekta haitatui tatizo la hesabu hata kidogo. Ukimulika ukutani, watoto mia wanaona kitu kimoja kwa mwendo mmoja. Katika S1 yangu kuna anayeweza algebra na kuna asiyejua kugawanya, aliyepandishwa tu. Picha nzuri haitamfikia huyo wa pili.

Ushahidi wenye nguvu kuhusu kompyuta na hesabu unatoka Delhi, India. Mwaka 2015 watafiti walipima programu iitwayo Mindspark. Mtoto anakaa na kompyuta yake, programu inampima alipo na kumpa maswali ya kiwango chake, hata kama ni miaka kadhaa chini ya darasa analokaa. Kwa miezi minne na nusu waliopata nafasi hiyo waliwaacha wenzao mbali. Linganisha na Peru, ambako laptopu laki kadhaa ziligawiwa watoto bila mpango wa kufundishia, na utafiti wa 2012 haukuona hesabu wala lugha ikipanda.

Kwa hiyo maabara yenyewe haina kosa. Ratiba ndiyo mbovu. Wa ICT waitumie mchana, jioni wakati wa prepu, saa za kujisomea, waingie walioachwa nyuma katika hesabu.

Mwalimu wa Bombo

Wa Arua, umenipiga pazuri, lakini malizia hadithi. Kule Delhi kila kikao kilikuwa dakika 45 za kompyuta na dakika 45 na mwalimu msaidizi katika kikundi kidogo, baada ya masomo, karibu kila siku ya wiki. Kikundi kilikuwa cha watoto kama kumi na tano hivi. Chukua shule yenye vioo 20 vizima na watoto 400 wa S1 na S2. Kila mtoto anapata zamu moja katika vikao 20. Hiyo si Mindspark, ni matembezi. Na msaidizi wa jioni analipwa na nani, PTA, umoja wa wazazi na walimu?

Mimi nasema projekta kwa sababu namwamini mwalimu aliyeko kuliko programu ambayo haijaja. Mahali ambapo mtoto mmoja mmoja anaweza kupata mashine, wazo lako linashinda langu. Huku kwetu mahali hapo hapapo.

Na wewe mwenzangu wa Mbale, flashi zetu ni chafu, kweli. Ndiyo maana nataka mashine ya idara isiyogusana na zako. Humo virusi vyetu tutavila wenyewe.

Mzee wa Busia, mimi ni mwalimu wa sanaa, kinyongo ninacho. Lakini darasani naingia.

Mhamasishaji wa elimu, Nakivale

Hapa kwenye kambi ya wakimbizi watoto wengi wametoka Kongo, Kiswahili wanakijua, Kiingereza cha vitabu ndicho kinawatesa. Kinachotusaidia ni Kolibri. Ni programu ya bure, unapakua masomo mara moja mahali penye intaneti, unayaweka kwenye kompyuta moja kama seva, na ruta ndogo inayasambaza chumbani bila bando. Tableti tano watoto wanashirikiana, watatu kwa moja.

Ila niseme ukweli: wiki ambayo mwalimu hajachagua masomo mapema, watoto wanafungua video za wanyama tu. Simba wote wa Afrika wanawajua.

Fundi wa sola, Kasese

Hamjazungumzia umeme, nami ndio mkate wangu.

Acheni projekta. Ya taa inakula wati 200 hadi 300, taa yake ni ghali, na darasa la dirisha wazi lisilo na pazia saa tano asubuhi halionyeshi kitu ukutani isipokuwa kivuli cha mwalimu. Televisheni ya LED ya inchi 43 haifiki wati 100 na inaonekana mchana. Wa viti vya nyuma hawatasoma maandishi madogo, kwa hiyo mwalimu aandike makubwa au watoto wasogee.

Penye umeme wa gridi shida ni tokeni za Yaka, umeme wa kulipia kabla. Hedimasta anawasha ofisi kwanza, darasa baadaye. Penye sola shida ni betri. Nimefungua vyumba vingi vya betri za asidi mashuleni na karibu zote zimeuawa kwa njia moja: watu wamezinywa hadi zikakauka, usiku, kwa kuchaji simu za walimu na kutazama mpira. Betri hizo ukizishusha chini ya nusu kila siku, haziishi. Weka kifaa cha kuzikata mapema na umnyang'anye mlinzi waya wa ziada. Kazi kubwa hapo ni hiyo ya waya.

Mzazi, Busia

Fundi ndiye amezungumza lugha yangu. Sasa nijibuni: hiyo televisheni ya idara anasaini nani? Mwalimu akihamishwa inabaki au inaondoka naye? Ikiibwa je?

Mwalimu wa ICT, Mbale

Hapo umegusa. Kwenye maabara mimi ndiye niliyesaini daftari la mali. Kipanya kikipotea, naitwa ofisini. Wanaosema nafunga kwa roho mbaya waje wasaini wao kwanza, halafu tuone kama watafungua.

Mwalimu wa Bombo

Isainiwe na idara, si mtu mmoja. Mkuu wa idara na katibu wa PTA waweke sahihi pamoja, kifaa kiandikwe namba kwa rangi isiyofutika, likizo kirudi stoo ya ofisi. Mwalimu akihamishwa, makabidhiano mbele ya wote wawili. Wezi hatutawamaliza, lakini angalau asikatwe mshahara aliyekuwa anakitumia kufundisha kwa sababu tu alikuwa wa mwisho kukishika. Bodi ya shule ikubali hilo kwa maandishi kabla ya kununua. Bila hivyo walimu watakwepa kukigusa, na nitawaelewa.

Mzazi, Busia

Sawa. Lakini kuhusu vitabu umenikimbia. Mwanangu S3 anashirikiana kitabu cha fizikia na wenzake wanne. Ukipewa milioni 3 leo, unanunua televisheni au vitabu?

Mwalimu wa Bombo

Kwa fizikia, vitabu, tena leo. Kwa Kiswahili naomba spika, maana kitabu hakitamki. Haifiki hata laki mbili, zinazobaki zote mpe mwalimu wa fizikia.

Mwalimu wa Hesabu, Arua

Na hesabu?