Kikundi cha familia ya Bombo, Uganda: pesa isingekuwa tatizo, ungeishi wapi?

Sharifa (Dubai): Asalaam aleikum wote. Leo sina zamu, nimekaa nawaza. Nauliza swali na kila mtu ajibu kwa moyo wake. Tuseme pesa si tatizo kabisa: karo imelipwa, deni hakuna, hata bei ya ardhi huulizi. Ungeishi wapi? Msinijibu “popote Mungu atakaponijalia”. Nataka jina la mahali.

Rashidi: Waaleikum salaam dada. Kapchorwa, Mlima Elgon. Nyumba kule juu Sipi, nikifungua mlango asubuhi naona maporomoko ya maji upande huu, na upande ule tambarare hadi macho yachoke. Kule ndiko mwanariadha wetu Cheptegei anakofanyia mazoezi, na 2024 ametuletea dhahabu ya mita 10,000 kutoka Paris. Hewa ya baridi, kahawa ya arabika nyuma ya nyumba. Ningekimbia kila alfajiri.

Zubeda: Na mvua? Novemba ya 2024 hiyohiyo udongo wa mlima ulifunika nyumba za watu Bulambuli, njiani kabisa kwenda huko unakokutaka. Na ule udongo wa Bududa 2010 hatujasahau.

Rashidi: Nalijua hilo Zubeda, na ndilo linaloniuma. Wale watu hawakuchagua mteremko kwa kupenda, ardhi ndiyo iliyowaishia. Mimi wa pesa zisizoisha ningeweza kuchagua mwamba. Wao je?

Mama Aisha: Sisi wa Fort Portal tumeshafika, hatuhami 😊 Toeni noti za elfu ishirini mlizo nazo. Ziwa lile lililochorwa ni Nyinambuga, liko huku kwetu, na si peke yake, maziwa ya kreta, yale mashimo ya volkano ya zamani, huku ni mengi. Ningejenga ukingoni mwa moja dogo lisilo na hoteli. Asubuhi ukungu unakaa juu ya maji mpaka saa tatu hivi, kisha unaondoka na milima ya Rwenzori inajitokeza ikiwa siku ni nzuri. Chai imepandwa kila mahali, hujui vumbi ni nini. Matetemeko yapo, wazee wanakumbuka la 1966 na sisi tunakumbuka la 1994, lakini nyumba ikijengwa na nguzo za chuma inavumilia.

Mjomba Ramadhani: Watoto, mimi ni Ssese, ndani ya Ziwa Viktoria. Visiwa 84, na Bugala pekee kingenitosha. Nimepima ardhi maisha yangu yote, nimekanyaga karibu kila wilaya, na hakuna mahali palipotulia moyoni mwangu kama Kalangala. Jioni kwenye mchanga, samaki ametoka majini sasa hivi, msitu nyuma yako una tumbili. Ningenunua boti yangu.

Shangazi Zaituni: Nimewasoma wote. Ndugu zangu, naomba niwaulize swali moja na mnijibu kwa kweli. Ukishikwa kifua saa nane usiku, nani anakupeleka, wapi, na mnafika saa ngapi?

Mjomba Ramadhani: Zaituni, tumeambiwa pesa si tatizo. Nitaita helikopta kutoka Kajjansi.

Shangazi Zaituni: Usiku? Na dhoruba ya ziwa? Kaka, wewe umevuka lile ziwa, unajua linavyogeuka usiku. Rubani mwenye akili atakwambia subiri kupambazuke. Feri ya kwenda Entebbe ni moja kwa siku na ni zaidi ya saa tatu majini. Moyo hausubiri feri.

Siwaharibii ndoto. Nimefanya zamu za usiku wodini miaka mingi, na kitu kimoja kimenikaa. Wagonjwa wetu wengi waliugua usiku ila walifika asubuhi. Walikuja na pesa mfukoni wengine, na gari zuri. Nakumbuka mzee mmoja kutoka kwenye mwalo wa wavuvi, kaletwa juu ya boda akiwa katikati ya wanawe wawili, mmoja anaendesha na mwingine kamkumbatia kwa nyuma asianguke. Kiatu kimoja kilishaanguka njiani. Walikuwa wametoka usiku wa manane. Yule mtoto wa nyuma mikono ilikuwa imekakamaa, hata kumwachia baba yake tulimsaidia sisi.

Pesa inakununulia daktari bora. Ule muda wa njiani hauuzwi. Kwa hiyo mimi nikichagua mahali, naanza na hilo, halafu ndiyo natazama mandhari.

Mama Aisha: Shangazi, Fort Portal tuna Buhinga, hospitali ya rufaa ya mkoa. Na Virika ipo.

Shangazi Zaituni: Ndiyo, na ndiyo sababu chaguo lako halinitishi mwanangu. Mjini hapo ningekubali. Ila ukijichimbia kwenye kreta, hakikisha barabara inapitika kwenye mvua na dereva analala hapohapo. Ukihitaji taasisi ya moyo, iko Mulago, Kampala, ni kama kilomita 300.

Sharifa: Swali la Shangazi limenifikirisha. Kwa upande huo Dubai ingeshinda, gari la wagonjwa linafika upesi. Na kununua inawezekana, tangu 2002 wageni wanaruhusiwa kumiliki nyumba moja kwa moja katika maeneo yaliyotengwa. Lakini sipachagui. Julai na Agosti joto linapita nyuzi 40, ukitoka kwenye basi mpaka mlangoni nguo imeshalowa. Watoto wanachezea ndani ya maduka. Madirisha hayafunguliwi miezi mizima. Mimi nataka baraza.

Chaguo langu ni Jinja. Zile nyumba za zamani za Wahindi, mwaka wa ujenzi umechorwa juu ukutani, baraza ndefu mbele, sakafu ya saruji nyekundu inayong’arishwa mpaka miguu inateleza. Mitaa mipana, miti. Jioni unatembea kwa miguu mpaka Mto Nile.

Hamza: Jinja ni nzuri. Tangu daraja jipya lifunguliwe 2018 kuvuka si mateso tena.

Mjomba Ramadhani: Sharifa, hizo nyumba zina historia. Wenyewe walifukuzwa 1972, mali ikashikwa na serikali, na miaka ya 1990 wengi wakarudishiwa. Zipo ambazo mpaka leo watu wawili wana karatasi za nyumba moja. Ukifika siku ya kununua, nipigie kabla hujapiga hatua.

Hamza: Sasa kwa kuwa tumefika kwenye karatasi, niseme ukweli. Kwangu hili si swali la kuwaza tu. Nimeonyeshwa ploti Garuga, upande wa barabara ya Entebbe. Ziwa linagusa ua, yaani unashuka ngazi mguu uko majini. Kutoka pale unaingia barabara ya kasi, unalipa elfu tano, Kampala umefika. Ningepewa pesa zote za dunia ningeishi palepale, na kwa bahati bei yake naiweza nikiuza lile gari la pili. Dalali anataka malipo ya kwanza Ijumaa. Nilitaka kuwashangaza.

Mjomba Ramadhani: Hamza mwanangu. Ziwa linagusa ua?

Hamza: Kabisa Mjomba. Nina picha.

Mjomba Ramadhani: Basi nisikilize vizuri. Kanuni za mwaka 2000 zinataka mita 200 kutoka ufukwe wa Nalubaale, yaani Ziwa Viktoria, ziachwe kama eneo la hifadhi. Mita 200, ni karibu viwanja viwili vya mpira ukivipanga mbele na nyuma. Mtu anaweza kuwa na hati mkononi na bado asiruhusiwe kujenga pale. Usiniambie fulani amejenga, na yeye anaweza kubomolewa.

Pili, ziwa lenyewe. Mei 2020 maji yalifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, yakaipita rekodi ya 1964. Nilikwenda kutafuta mawe ya mipaka ya mteja wakati ule, nikayakuta chini ya maji, nayapapasa kwa mguu. Nyumba zilikuwa na madirisha juu ya maji na milango chini. Dalali alikuonyesha picha za mwaka gani?

Tatu, ardhi ile ni mailo, yaani ya mtu milele, au ya kukodi? Kama ni mailo, kuna mtu wa kibanja juu yake, mkaaji asiye na hati? Sheria ya Ardhi ya 1998 inamlinda aliyekaa miaka 12 au zaidi kabla ya Katiba ya 1995 bila kupingwa. Utanunua hati ya mwenye ardhi, halafu umkute bibi kizee na migomba yake, na ana haki.

Hamza: Kuna migomba pembeni. Dalali alisema ni ya mlinzi.

Mjomba Ramadhani: Mlinzi ana umri gani?

Hamza: Ni mama. Mtu mzima.

Mama Aisha: Bannange, jamani.

Shangazi Zaituni: Hamza, usitoe hata senti. Na huyo mama mkaongee naye kwa heshima, bila dalali. Inawezekana hata hajui kwamba anauzwa pamoja na ardhi.

Hamza: Nimeelewa Shangazi. Sitoi.

Zubeda: Samahanini nikate kidogo. Nilikuwa namsomea Jajja, mzee wetu, haya yote. Kacheka ya Ssese, kasikitika ya Bulambuli. Sasa anataka kujibu na yeye. Sauti hii hapa, nawaandikia wasio na bando:

“Mnaniuliza mimi ningeishi wapi? Hapa Bombo. Sina safari nyingine. Ila pesa ikiwepo, choo kiwe ndani. Usiku namwamsha mtoto anishike mkono tuvuke ua, na yeye kesho ana shule, namwonea huruma, mara nyingine najizuia mpaka adhana. Mvua ikinyesha udongo unateleza. Na kile kizingiti cha mlango wa nyuma mkivunje, mguu hauinuki tena. Na gari lifike mlangoni. Basi. Hayo mengine muishi nyinyi, mje kunisalimia.”

Sharifa: Anajizuia mpaka adhana? Zubeda, tangu lini?

Zubeda: Dada, mimi mwenyewe nimesikia leo. Nilidhani ananiamsha kila akihitaji.

Shangazi Zaituni: Mzee kujizuia hivyo kunaleta maradhi ya mkojo, na siku atakayokwenda peke yake gizani akaanguka, nyonga ndiyo itavunjika. Nimeona wangapi wakilazwa kwa nyonga hawarudi kutembea. Hili halisubiri pesa zisizoisha. Bomba la maji linapita barabarani pale pale. Ni fundi, simenti na mabomba.

Hamza: Ile pesa ya malipo ya kwanza niliyoitenga kwa Ijumaa, ninaanza nayo. Zubeda tafuta fundi leo.

Sharifa: Naongeza mwisho wa mwezi, tangi la maji ni langu.

Rashidi: Mimi sina pesa ila nakuja Jumamosi kuchimba. Kizingiti nakivunja mwenyewe.

Mjomba Ramadhani: Rashidi, shimo la maji machafu lisikaribie kisima, liwe upande wa chini kule kwenye mwembe. Nitakuja kukuonyesha. Hamza, nitumie namba ya bloku na ploti ya Garuga usiku huu, Jumatatu asubuhi niko ofisi ya ardhi Wakiso kuipekua hati.

Hamza: Natuma sasa hivi Mjomba.

Zubeda: Fundi amepatikana, yule aliyefanya kazi msikitini. Anauliza choo kiwe chumba cha pembeni au kile cha nyuma.

Shangazi Zaituni: Kile kinachopakana na chumba cha Jajja, asitembee zaidi ya hatua chache. Vyuma viwili vya kushika ukutani. Na mwambie mlango ufungukie nje, siyo ndani. Akianguka nyuma ya mlango unaofungukia ndani, mtashindwa kumfikia.

Zubeda: Nimemwambia. Anakuja kupima kesho saa mbili asubuhi.