Tuliojenga vijumba vya wanasesere vya pwani, tupeane uzoefu: bahari yako uliitengenezaje?

Baraza la Bluu
Wakuu, salaam. Leo nilikuwa nafuta vumbi rafuni, nikakishusha kijumba changu cha kwanza, kile chenye baraza la bluu na kioo mbele. Ndani, chini ya dirisha, nikakuta unga mweupe. Nikadhani plasta ya ukuta inapukutika. Nilipomulika kwa simu nikaona ni makombe ya baharini. Yale makombe madogo niliyoyapanga moja moja kwa kibano, usiku mzima, yanamomonyoka yenyewe! Yameota vipele vyeupe kama sukari. Nimekaa kitako sakafuni nikakumbuka yote niliyopitia na kijumba hiki.

Wenzetu wa vijumba vya kawaida wanahangaika na milango na ngazi. Sisi wa pwani tunaongezewa mchanga, maji, kutu, na mbao mpya inayotakiwa ionekane imepigwa na upepo wa chumvi miaka 30. Kila mtu aweke ya kwake hapa.

Nianze. Skeli yangu ni 1:12, yaani inchi moja kwa kila futi. Kilichoniuma zaidi ni mchanga. Nilichota wa ufukweni, nikauchekecha mara mbili, nikaumwaga juu ya gundi nyeupe. Ulipendeza kweli mpaka nilipomsimamisha mwanasesere wa sentimita 14. Papo hapo ufuko ukageuka uwanja wa kokoto. Nikapiga hesabu nikiwa nimeshachelewa: chembe ya nusu milimita, ukizidisha mara 12, ni milimita 6. Mwanasesere wangu alikuwa anatembea juu ya mawe.

kibano_kirefu
Hapo kwenye kokoto umenigusa. Yamenikuta yaleyale.

Pima Maji
Ufuko wangu ni msasa. Ndiyo, msasa ule wa kusugulia mbao, namba 240. Chembe zake ni kama mikroni 58 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), kwa hiyo ukizidisha mara 12 hufiki hata milimita moja, na huo ni mchanga halali. Unaukata kwa umbo la ufuko, unaubandika, unapitisha rangi nyepesi ya krimu kwa brashi kavu. Pale mawimbi yanapofika unaweka rangi ya kahawia kidogo, maana mchanga uliolowa huwa mweusi zaidi. Watu wengi husahau huo mstari wa unyevu halafu wanashangaa kwa nini bahari yao haionekani kugusa nchi kavu.

Na anayeng'ang'ania mchanga wa kweli auoshe kwa maji baridi mara nne au tano, kisha aukaushe kabisa. Mimi sikuosha. Chini ya ufuko nilikuwa nimepitisha utepe wa shaba wa kupeleka umeme kwenye taa za baraza. Chumvi inavuta unyevu wa hewani. Baada ya masika mawili taa zikaanza kupepesa, nikabandua ubao, nikakuta utepe wote umeota kijani. Nilivunja ufuko mzima kwa patasi.

fundi_wa_usiku
Tatizo lenu ni hiyo 1:12. Ukitaka ufuko wenye upana wa mita 10 tu mbele ya nyumba unahitaji sentimita 83 za meza, na bado bahari yenyewe hujaianza. Kwa 1:24 unatumia sentimita 42. Kijumba cha pwani bila nafasi mbele yake ni nyumba ya mjini iliyopakwa bluu.

Bawaba Ndogo
Mkuu, heshima kwako, lakini 1:12 ndiyo skeli ya kazi hii. Kijumba cha Malkia Mary kilichoko kasri la Windsor, Uingereza, alichokibuni msanifu majengo Edwin Lutyens, kilijengwa 1921 hadi 1924 kwa 1:12, kikiwa na mabomba ya kutoa maji na taa za kuwaka. Kwa 1:24 utaweka bawaba gani kwenye dirisha la luva? Utaishia kubandika dirisha lisilofunguka.

fundi_wa_usiku
Windsor walikuwa na mafundi na wasanii mamia. Mimi nina meza moja, na familia inaihitaji jioni. Dirisha langu halifunguki na sijawahi kuona mtu akilijaribu. Wanatazama bahari.

Bawaba Ndogo
Mimi nalifungua. Kila nikikaa nalo nalifungua.

Uzi na Sindano
Samahanini niwakatishe. Neno "maji" limenirudisha mbali, ngoja niseme ingawa ni refu.

Mama alikulia kwenye nyumba ya nguzo, juu ya maji. Imebaki picha moja tu, imekunjika katikati. Alipotimiza miaka 70 nikaamua kumjengea. Skeli 1:24. Kuta nilizitengeneza kwa vijiti vya aiskrimu nilivyovipasua kimoja kimoja kwa urefu ili upana wa ubao uwe sawa. Nguzo 16 za mbao ya duara. Nyavu ni bandeji ya shashi niliyoiloweka kwenye chai, nikaining'iniza kwenye upenu. Boya ni pete ya pazia iliyozungushiwa uzi mwekundu. Mashua moja imefungwa kwenye ngazi, na ndani yake nikaweka kasia mbili na kofia yenye ukubwa wa kifungo cha shati. Miezi mitano. Ikabaki bahari.

Niliunda beseni kwa stairofomu, lile jeupe linalokuja kwenye boksi la friji mpya. Nikalipaka, nikaziba kona kwa tepu ya karatasi, nikasimamisha nyumba ndani. Maji yalitakiwa yawe na kina cha sentimita 3, nami nikachanganya rezini, ile plastiki ya maji inayoganda ikawa kama kioo, yote kwa mara moja, nikaongeza tone la rangi ya kijani, nikaimimina usiku saa nne. Maelekezo yalisema tabaka jembamba. Niliyasoma. Nikajiambia matabaka yataacha mistari.

Dakika za kwanza ilikuwa bahari, jamani. Nuru ya taa ilikuwa inafika mpaka kwenye sakafu, nguzo zinaonekana zikizama taratibu kwenye kijani. Nikakaa naitazama. Kisha nikasikia kama kitu kinakatika, tak, tak. Nikagusa ukingo wa beseni, moto! Ile rezini ilikuwa inachemka yenyewe. Moshi mwembamba ukaanza kutoka katikati, na stairofomu ikaanza kulegea kama mkate uliolowa. Kona ya kushoto ikafunguka. Bahari ikamwagika juu ya meza, ikaingia kwenye droo, ikaanguka sakafuni, na kila ilipofika ikaganda. Nguzo za upande ule zikakosa pa kushika, nyumba ikalala. Nikaishika kwa mikono miwili. Nilisimama hivyo nusu saa nzima, mikono yangu chini ya baraza, kwa sababu nikiiachia inakwenda, na nikiinyanyua nguzo zinabaki kwenye rezini. Madirisha nilikuwa nimefungua kwa miguu.

Asubuhi nilichukua msumeno wa meno madogo nikakata nguzo zote pale zilipogandia. Mashua sikuiwahi. Imeganda imeinamisha pua, kofia imeelea nje yake. Ile sehemu iliyogandia sakafuni iko mpaka leo, nimeiwekea zulia.

kibano_kirefu
Pole sana dada. Nimeshika pumzi mpaka mwisho.

Mgeni wa Jumba
Na mama je? Alipewa?

Pima Maji
Dada, hiyo rezini inajipasha moto yenyewe ikiwa inaganda, na jinsi inavyokuwa nyingi mahali pamoja ndivyo joto linavyozidi kwa kukosa pa kutokea. Ile ya kupakia meza hasa haitaki kina. Mimi sizidishi milimita 3 kwa tabaka moja, na mistari haionekani ukiwahi tabaka la chini likiwa bado linanata kidogo. Beseni iwe ya plaiwudi iliyozibwa kona kwa silikoni. Na barakoa ya chujio, tafadhali.

fundi_wa_usiku
Mimi ningesema rezini iachwe kabisa. Bahari si glasi ya maji ya kunywa. Simama ufukweni utazame mbele: hatua kumi tu kutoka nchi kavu huoni tena chini, unaona rangi na mwanga. Chukua ubao, bandika karatasi laini ya chooni kwa gundi nyeupe iliyozimuliwa, isukume kwa brashi ifanye mikunjo ya mawimbi. Ikikauka paka bluu nzito mbali na kijani hafifu karibu, halafu vanishi ya kung'aa mara tatu. Haina moshi, haina droo iliyoganda.

Bawaba Ndogo
Karatasi ya chooni?

fundi_wa_usiku
Jaribu kwenye kipande cha ukubwa wa kiganja kabla hujaniuliza tena.

Sakafu ya Mbao
Mimi mawimbi nimefanya kwa silikoni ya wazi, ile ya kuzibia sinki. Unaivuta kwa kijiko, inasimama. Halafu unapaka nyeupe ya povu juu.

kibano_kirefu
Rangi haishiki kwenye silikoni. Yangu ilibanduka yote ndani ya wiki.

Sakafu ya Mbao
Yangu ina mwaka.

Mama Kombe
Nimerudi kusoma mwanzo wa uzi, maana mnazungumza habari ya maji na mwenzetu anapoteza makombe yake. @Baraza la Bluu, huo unga ninaujua. Kombe ni kalsiamu kaboneti, na asidi inaila. Ukilifungia kwenye boksi la mbao, mvuke wa asidi unaotoka kwenye mbao yenyewe, hasa mwaloni na zile mbao za kusagwa na kushindiliwa kwa gundi, unajikusanya humo ndani kidogo kidogo na kutengeneza chumvi nyeupe juu ya kombe. Wakusanyaji wanauita ugonjwa wa Byne, ingawa hakuna mdudu wala kuvu. Nilipoteza trei nzima namna hiyo, droo ilikuwa ya mwaloni. Unyevu unauharakisha. Swali langu: kuta uliziandaaje? Na kile kioo kinafunga sana?

Baraza la Bluu
Mama, umenishtua. Kioo kinafunga kabisa, nilikiwekea ukanda wa sponji ili vumbi lisiingie. Na mbao zote nilizizeesha kwa siki: steeli waya ndani ya siki siku tatu, halafu nikapaka. Zilitoka kijivu kizuri sana. Na ukingo wa mawimbi ni silikoni kama ya Sakafu ya Mbao, ile yenye harufu ya siki ikiwa inakauka.

Mama Kombe
Basi uliyawekea asidi pande tatu, mbao yenyewe, siki na silikoni, na ukayafungia mlango. Pole mwanangu. Yatoe yote leo, yaoshe kwa maji safi bila sabuni, yakauke kabisa. Yaliyoliwa hayarudi. Mbao iache wazi ipumue wiki kadhaa. Na usiyarudishe humo, bonyeza yaliyopona kwenye udongo wa polima, ule wa plastiki unaofinyangwa kisha ukaokwa, upate kalibu, halafu fyatua ya bandia. Utapata na faida ya pili, unaweza kuyafanya madogo. Kombe la sentimita 2 ndani ya 1:12 lina upana wa sentimita 24. Nani anaweka kitu cha ukubwa wa sahani kwenye kila kidirisha?

Mgeni wa Jumba
Mimi sijajenga bado, nasoma tu. Lakini madirisha yangu ya majaribio yameingia ukungu mweupe, nilibandika kwa supagluu. Unatoka?

Bawaba Ndogo
Ni mvuke wa gundi unaotua kwenye plastiki. Hautoki vizuri. Vioo vibandike kwa gundi nyeupe.

Pima Maji
Mimi niliuacha. Nyumba inayotazama bahari vioo vyake huwa na ukungu wa chumvi hivyohivyo, hasa kona za chini.

Sakafu ya Mbao
Niongeze kuhusu mapambo, kwa kuwa hapo ndipo ninapoumia kila nikitazama picha za watu. Nanga ukutani, usukani wa meli ukutani, boya juu ya kitanda, mito yote ina mistari ya bluu na nyeupe. Nani anaishi humo? Kwangu nimeweka taulo limeanikwa kwenye reli ya baraza, ndara mbili nje ya kizingiti, na mchanga kidogo umeingia mpaka katikati ya sebule, mwembamba, wa kufagiwa. Mlango wa mbele rangi yake imebabuka chini tu, pale watoto wanapoupiga teke. Hiyo nilifanya kwa chumvi ya mezani: rangi ya kahawia kwanza, ikikauka unalowesha sehemu, unanyunyiza chumvi, unapaka bluu juu, kisha unaisugua itoke.

Mama Kombe
Sebule yenye mchanga. Hiyo nimeipenda sana.

Uzi na Sindano
Aliyeuliza kuhusu mama: nilimpa. Baada ya kukata nguzo nyumba ilishuka sentimita 3, maji yako karibu kabisa na sakafu. Nilitaka kumwomba radhi. Akavaa miwani, akatazama, akasema, "Maji yamejaa." Kisha akaweka kidole kwenye ngazi, akaniambia ngazi ya kweli ilikuwa upande wa pili, kwenye picha haionekani. Nimeihamisha. Mashua nimeiacha ilivyogandia, hataki niiguse.

Baraza la Bluu
Nimeyatoa. Yalikuwa 43, mazima ni 11. Ukanda wa sponji nimeung'oa na kioo nimekiegemeza pembeni. Mama Kombe, huo udongo wa polima unaokwa nje kabisa ya kijumba, sivyo? Na kalibu naipaka nini ili udongo usinate?

Mama Kombe
Nje, mwanangu. Kalibu ioke kwanza iwe ngumu. Ndipo uipake poda ya mtoto, kidogo sana, ubonyeze udongo mbichi na utoe umbo lako kabla ya kulioka.